Riwaya za anga na fantasia zenye mapenzi ya jinsia moja: tuanzie wapi, na tutajuaje kabla ya kununua?

KurasaZaKibo (Moshi)

Wakuu salaam. Tuko wasomaji sita, wanne Moshi na wawili Arusha. Kila mwezi tunasoma kitabu kimoja, kisha tunakutana Jumamosi ya mwisho. Kiingereza hakitupi shida, na fantasia na hadithi za anga tumezizoea. Awamu hii tumekubaliana kusoma zile ambazo wapenzi wakuu ni wanawake wawili au wanaume wawili, na hapo ndipo tulipokwama.

Orodha za mtandaoni hazisaidii. Kitabu kinasifiwa kwa mapenzi, ukikifungua unakutana na kurasa mia sita za vita na busu moja karibu na jalada la nyuma. Au mmoja wa wapenzi anauawa kabla hawajapata hata siku moja ya kukaa kwa raha. Si kwamba tunakimbia huzuni, tunataka tu kujua tunanunua nini.

Naomba wenye uzoefu mtusaidie. Vitabu gani vya kuanzia, na kwa mpangilio upi? Dalili gani za kuangalia kabla ya kulipa? Na The Priory of the Orange Tree, ambayo wenzetu wawili wameshainunua na hawataki kusikia kingine, inagawanywaje kwa kundi? Wengi tunasoma kwenye simu, na simu ya mmoja wetu hushikwa na nyumba nzima, kwa hiyo usiri nao umo kwenye swali.

Msitutobolee miisho bila kuonya, tafadhali.

Sakina_Msomaji (Arusha)

Mkuu Kibo, orodha hizo zinachanganya mafungu matatu ya vitabu na kuyapa jina moja, ndiyo maana mnauziwa mbuzi kwenye gunia.

Fungu la kwanza ni vile ambavyo mapenzi ndiyo uti wa mgongo, ukiyaondoa hakuna hadithi. This Is How You Lose the Time War ya Amal El-Mohtar na Max Gladstone (2019) na Winter's Orbit ya Everina Maxwell (2021) zinakaa hapa. Fungu la pili, mapenzi yanakwenda sambamba na siasa au vita na hayashiki usukani peke yake: A Memory Called Empire, The Jasmine Throne, na hiyo Priory yenu. La tatu, wapenzi wa jinsia moja wamo na wamechorwa vizuri, lakini kitabu si chao. The Fifth Season ya N. K. Jemisin (2015) haikosi kwenye orodha hizo kwa sababu ya uhusiano wa watu watatu uliomo ndani yake. Ni kazi kubwa, vitabu vitatu vya mfululizo ule vilichukua tuzo ya Hugo ya riwaya bora 2016, 2017 na 2018, lakini anayekwenda pale kutafuta mahaba atarudi na majivu.

Kulijua fungu kabla ya kulipa si kazi kubwa. Soma maelezo ya jalada la nyuma. Wapenzi wote wawili wakitajwa kwa majina, na kila mmoja akapewa shida yake, hilo ni fungu la kwanza. Akitajwa mmoja tu, kisha dola, unabii na upanga, hesabu la pili au la tatu. Halafu angalia nani anasimulia. Fungua dondoo la bure upitie sura za mwanzo. Sura zikipokezana kati ya wapenzi wawili, mwandishi amejifunga kuwaonyesha wote wakibadilika. Winter's Orbit inakwenda hivyo, Kiem kisha Jainan, na utamu wote uko kwa msomaji kuona kwamba kila mmoja anamwelewa mwenzake kinyume. Wasimulizi wakiwa wanne watano, tena wametawanyika mabara mbalimbali, jiandae mapenzi kupata robo ya kitabu, pengine pungufu.

Dondoo lenyewe lina mtego. Kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya kitabu. Kwenye riwaya ya kurasa 800 utapata 80, na wapenzi wanaweza kuwa hawajasemezana hata neno la maana. Dondoo la kitabu kinene litumieni kupima lugha na wasimulizi tu.

Kuhusu vifo, StoryGraph, tovuti ya wasomaji, ina sehemu ya tahadhari zinazoandikwa na wasomaji wenyewe, zimepangwa kwa uzito. Mmoja wenu aifungue kwa niaba ya kundi, kisha awaambie wengine "salama" au "jiandaeni", basi.

MamaVitabu_Njiro (Arusha)

Sakina amesema kweli. Mimi nitoe mpangilio.

Mwezi wa kwanza wekeni Time War, kwa sababu ni fupi, karibu kurasa 200. Majasusi wawili wa kike, Red na Blue, wa pande mbili zinazopigana kwa kuipindua historia, wanaanza kuandikiana barua za kebehi na kuishia kwingine kabisa. Mtindo ni tukio kisha barua, tukio kisha barua. Barua zenyewe mara nyingi hazikai kwenye karatasi: kuna iliyoandikwa ndani ya mti, ikakua nao, na mpokeaji anaisoma kwenye pete za gogo baada ya mti kukatwa. Fikirieni uvumilivu wa mtu anayeandika namna hiyo kwa adui. Wasomaji hukwama pale wanapotaka kuielewa vita, nani aliianza na kusafiri kwenye wakati kunafanyikaje. Kitabu hakielezi na hakikusudii kueleza. Iacheni vita ipite, mshike barua. Siku ya kukutana kila mtu aje na barua moja aisome kwa sauti, maana lugha yake ni ya kishairi na anayesoma mbiombio atatoka mikono mitupu.

Mwezi wa pili Winter's Orbit. Kiem, mwanamfalme mcheshi asiyetegemewa kwa lolote, anaozeshwa Jainan, mjane wa binamu yake, ili mkataba kati ya sayari mbili usivunjike. Kwenye dola ile hakuna anayeshtuka wanaume wawili kuoana, hofu iko kwingine. Hilo litawapa mjadala: kuna waandishi wanaoiondoa chuki kabisa ili wapenzi wapate matatizo mengine, na kuna wanaoiacha iwe ukuta wa kugonga vichwa. Tahadhari ni kwamba ndoa ya kwanza ya Jainan ilikuwa ya manyanyaso, na hilo linajitokeza kidogo kidogo. Mwendo wa katikati ni mzito kidogo kwa sababu ya uchunguzi wa kifo, msikate tamaa.

Mwezi wa tatu A Memory Called Empire ya Arkady Martine (2019), na hapa nitakaa.

Mahit Dzmare ni balozi kutoka kituo kidogo cha anga kiitwacho Lsel. Anatumwa mji mkuu wa dola ya Teixcalaan akiwa na kifaa kichwani chenye kumbukumbu za balozi aliyemtangulia, ila kumbukumbu hizo zimepitwa na wakati kwa miaka 15. Anapokewa na ofisa wa dola, Three Seagrass, mwerevu, mcheshi, mwenye kujipenda. Mahit ameishi akiitamani fasihi ya Teixcalaan, mashairi yao anayo kichwani, na bado machoni pao ni mshenzi. Sasa swali la mapenzi ndilo hili: unampendaje mtu ambaye dola yake inataka kukumeza, naye haoni tatizo kwa sababu anakupenda? Msomaji wa huku aliyekaririshwa mashairi ya Kiingereza shuleni hahitaji kutafsiriwa jambo hilo. Nimeona wahakiki wakiliita pambo la hadithi. Kwangu ndiyo hadithi yenyewe, na fitina za kumrithi mfalme ndizo pambo.

Busu lipo, linakuja wakati mbaya kuliko wote. Atakayetaka zaidi aendelee na A Desolation Called Peace (2021). Mle kuna ugomvi wao mmoja ambao hakuna mwenye makosa yote, na ni nadra kukuta ugomvi wa wapenzi ulioandikwa kwa haki namna ile. Vyote viwili vilipata Hugo ya riwaya, 2020 na 2022.

Kinachowaangusha wengi ni majina. Watu wa Teixcalaan huitwa kwa tarakimu na kitu: Three Seagrass, Six Direction, Nineteen Adze. Kurasa 50 za mwanzo zitawachanganya, faharasa iko nyuma, itumieni. Faida yetu ni kwamba mashairi mle ni silaha ya siasa, watu wanarushiana beti hadharani. Aliyekulia kwenye malumbano ya washairi magazetini atakuwa nyumbani.

Baada ya hapo pumzikeni na The House in the Cerulean Sea ya TJ Klune (2020). Ofisa wa makamo anatumwa kukagua kituo cha watoto wa ajabu kisiwani, anampenda msimamizi. Mapenzi ya upole kabisa, hakuna chumba cha kulala. Wengine huona ni sukari nyingi, nami nusu nakubaliana nao, ila baada ya Teixcalaan inafaa.

Babu_wa_Gethen (Moshi)

Mnawapeleka watu kwenye vitabu vya 2019 kana kwamba kabla ya hapo palikuwa jangwa. Joanna Russ alitoa The Female Man 1975, Samuel Delany akatoa Stars in My Pocket Like Grains of Sand 1984. Na mbele yao wote kuna The Left Hand of Darkness ya Ursula K. Le Guin, 1969, yenye tuzo mbili, Hugo na Nebula.

Najua kilalamikiwacho: "Babu, mapenzi yako wapi?" Yako, lakini yanataka subira. Sayari ya Gethen ni ya barafu, watu wake hawana jinsia ya kudumu, na mjumbe kutoka nje, Genly Ai, anamshuku mtu pekee anayemtakia mema, Estraven. Kitabu kina sura 20. Wengi hukiacha kwenye sura ya tano au ya sita, wakati safari ya wawili hao juu ya barafu, ambako kila kitu kinafunguka, inaanza sura ya 15. Wekeni lengo: wiki mbili za kwanza fikeni 14, kisha 15 hadi 20 msome kwa mkupuo, wikiendi moja.

Na msiiruke sura ya 2. Ni ngano fupi, inaonekana imepotea njia, haina uhusiano na siasa za sura ya kwanza. Ndiyo ufunguo wa Estraven. Mkiifikia ile barafu mkiwa hamuikumbuki, nusu ya maumivu yatawapita.

Mwisho wake ni mchungu, nimeonya. Sioni kwa nini kundi la watu wazima lifanye kifo kuwa kigezo cha kukataa kitabu. Kuna watu walinuna na The Song of Achilles ya Madeline Miller (2011) kwa sababu Patroclus, mmoja wa wapenzi, anakufa. Jamani, habari hiyo iko wazi tangu Homer.

Sakina_Msomaji (Arusha)

Shikamoo Babu. Kifo cha Patroclus kimo kwenye visa vya kale, msomaji anaingia akijua. Kinachochosha ni kile cha kutafutiwa: mwandishi anawakutanisha wapenzi sura ya 30, anamuua mmoja sura ya 31 ili aliyebaki apate hasira ya kwenda vitani. Msomaji akiona hivyo mara tatu nne ana haki ya kuuliza mlangoni.

Betri_Kamili (Arusha)

Mimi nashika upande wa simu.

Kulipa: kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard inayofunguliwa kwenye huduma za fedha za simu inatosha kwa maduka mengi ya vitabu vya kielektroniki. Muamala ukikataa, kwanza angalia salio lina ziada kidogo kwa ajili ya kodi na ubadilishaji wa fedha, kisha nchi iliyoandikwa kwenye akaunti. Haki za kuuza hugawanywa kwa nchi, ndiyo maana kitabu kimoja kinaonekana kwa mwenzako na kwako hakionekani.

Kufuli: wachapishaji wengi huweka kufuli ya kidijitali, kitabu hakifunguki nje ya programu ya duka. Tor, wachapishaji wa fantasia na hadithi za anga, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao mwaka 2012, na dukani kwenye maelezo ya kitabu huandikwa kwamba kinauzwa bila kufuli kwa matakwa ya mchapishaji. Tafuteni maandishi hayo kwa kila toleo, kwa sababu toleo la Marekani na la Uingereza yanaweza kuwa ya wachapishaji tofauti.

Kwa mwenzenu wa simu ya familia, EPUB, yaani faili la kitabu cha kielektroniki, isiyo na kufuli ndiyo dawa. Iingize kwenye Calibre, programu ya bure ya kompyuta, fungua sehemu ya kuhariri taarifa za kitabu, mwambie itengeneze jalada jipya. Inatoa jalada la rangi tupu lenye jina la kitabu na mwandishi. Hata jina unaweza kubadilisha. Kisha ihamishie simuni kwa waya, isomwe kwenye programu ya kusomea yenye nywila. Anayetumia Kindle ajue kwamba huduma ya kutuma mafaili inapokea EPUB tangu 2022, ila kitabu kitaonekana kwenye kila kifaa chenye akaunti ile ile, pamoja na ile tableti ya watoto. Goodreads, mtandao wa wasomaji, nayo wasifu wake huwa wazi usipoufunga. Msitumiane vitabu kwenye kundi la WhatsApp: faili linajihifadhi lenyewe na linajitokeza mtu akitafuta risiti ya LUKU.

PDF za kuskaniwa zinazozunguka Telegram achaneni nazo. Ukiacha kwamba mwandishi hapati kitu, maandishi hayajipangi upya kwenye skrini ndogo, na herufi za mlazo mara nyingi hupotea. Kwenye Time War, ambako tukio na barua hupokezana, unaweza usijue barua inaanzia wapi.

Umeme ukikatika: skrini nyeusi, maandishi ya kijivu, mtandao umezimwa. Simu itavumilia jioni nzima.

KurasaZaKibo (Moshi)

Shikamoo Babu, sura ya 2 tutaisoma mara mbili. Nawashukuru wote. Mmoja wetu anauliza Gideon the Ninth, na mwingine anataka kitu chenye sura ya Kiafrika.

MamaVitabu_Njiro (Arusha)

Gideon ya Tamsyn Muir (2019) hutangazwa kama wachawi wasagaji wanaofufua mifupa angani, na hilo ni kweli, lakini mwenye kuitarajia riwaya ya mahaba atashangaa. Gideon na Harrow wamechukiana tangu utotoni, na kitabu kizima ni chuki ile ikibadilika umbo. Moyo wake ni fungu la kwanza, mabusu yake ni la tatu. Mbele kuna orodha ya wahusika kwa kila Nyumba (ndivyo yanavyoitwa makundi yao), piga picha uiweke karibu, kwa sababu wageni wengi wanaingia kwa pamoja na kila mmoja ana jina la kwanza, la ukoo na la utani. Cha pili, Harrow the Ninth (2020), sehemu yake kubwa inamsimulia mhusika kwa "wewe" na inapingana na kitabu cha kwanza waziwazi. Imekusudiwa hivyo. Msirudi nyuma kutafuta mlipokosea.

Kwa sura ya Kiafrika, A Taste of Honey ya Kai Ashante Wilson (2016), Mmarekani Mweusi. Fupi. Aqib, kijana wa familia inayotunza wanyama wa mfalme huko Olorum, anampenda Lucrio, askari mgeni ambaye ataondoka baada ya siku chache. Hadithi inaruka kati ya siku zile chache na miaka mingi baadaye. Vichwa vidogo vya sehemu ndivyo vinavyoonyesha mko wapi, msivipite, na mwisho ukiwashangaza rudieni sehemu ya kwanza papo hapo. Black Leopard, Red Wolf ya Marlon James (2019) ina wanaume wanaopendana na mandhari ya Afrika ya kale, lakini ina ukatili mkubwa, hata kwa watoto. Kaipigieni kura ya siri kwanza.

Hadithi fupi za bure mtazipata kwenye majarida ya mtandaoni: Strange Horizons, Clarkesworld na Uncanny, na za waandishi wa Kiafrika Omenana. Ya maneno elfu tano inakwisha kabla Coaster ya Moshi haijafika Usa River.

Sakina_Msomaji (Arusha)

Namalizia Priory, maana imesahauliwa.

Samantha Shannon, 2019, zaidi ya kurasa 800. Mwezi mmoja hautoshi, wekeni miwili: wiki nane, kurasa 100 kwa wiki, kama 15 kwa siku. Wasomaji wa simu watumie namba za sura, wasitumie asilimia. Nyuma kuna orodha ya wahusika, faharasa na mpangilio wa matukio, kwa hiyo hadithi inakwisha kabla ya asilimia 100 na hesabu zenu hazitalingana na za wenye karatasi.

Kila sura ina kichwa cha upande wa dunia. Wapenzi, Ead na malkia Sabran, wako Magharibi. Tané na joka lake wako Mashariki, na kwake msisubiri mahaba. Wengi huboreka hapo wakaanza kuruka sura za Mashariki. Kosa ni kwamba nyuzi zote zinafungwa pamoja theluthi ya mwisho, na aliyeruka hatajua nani ni nani. Kama kuna mwenye haraka, mpeni kazi ya Mashariki: kila wiki yeye ndiye anayewaeleza wengine Tané na Niclays, msimulizi mwingine wa huko, wamefikia wapi. Mwingine ashike dini na historia ya nasaba ya Sabran, kwa sababu mapenzi yao yanagongana na imani kwamba uzao wa malkia ndio unaomzuia yule joka mkuu asirudi. Asiyeelewa hilo ataona Sabran ni mkaidi tu.

Wiki mbili za kwanza ni nzito, majina na falme. Kutaneni mara moja katikati, wiki ya nne, hata kwa simu, kabla watu hawajaanza kujificha kwamba wamebaki nyuma. A Day of Fallen Night (2023) ni ya karne kadhaa kabla, haihitajiki kwanza.